Kitanda cha mtoto kikikauka haraka, muulize fundi kimekaukaje

Ijumaa jioni kirikuu inasimama nje ya geti. Kitanda cha mtoto kimefika kutoka Keko, na safari hii fundi hakupiga kalenda. Nguzo zake ndogo za kukereza zinang'aa kama chupa, kila moja na mapete yake, na mama mkwe amekwisha kusifia. Mtoto ana miezi tisa, ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushikilia. Usiku huohuo analazwa humo, chandarua kinashushwa, dirisha linafungwa kwa sababu ya mbu. Chumba kizima kinanuka thina. Baba anasema itaisha, hiyo ni harufu ya kitu kipya.

Asubuhi kwenye ukingo wa juu kuna alama za meno mawili, na pale palipong'atwa vanishi imebanduka. Haionekani sakafuni wala kwenye shuka.

Picha hii haina jina la familia kwa sababu ni ya familia nyingi. Kitanda, kiti cha kulia mtoto, pia, kigari cha magurudumu ya mbao, njuga ya kutikisa, kisukumio cha chapati: vyote hivyo hutoka kwenye mashine ya kukereza vikiwa mbao tupu, na vyote hupakwa kitu cha kung'arisha kabla ya kufika nyumbani. Mzazi huchagua mbao, huchagua muundo, hupatana bei mpaka jasho limtoke. Kile kinachopakwa juu, ambacho ndicho mtoto atakachokilamba, humwachia fundi. Na fundi, ambaye hulipwa mzigo ukitoka, huchagua kinachokauka haraka.

Haraka yenyewe si kosa. Baadhi ya vitu vinavyokauka haraka kuliko vyote ndivyo salama zaidi kwa mtoto, na baadhi ni vya kukimbia navyo nje ya nyumba. Kinachovitenganisha ni njia ambayo kila kimoja hukaukia, na hilo mzazi anaweza kulijua kwa maswali mawili tu kwenye karakana.

Kanga na zege

Mafundi wana neno moja, kukauka, kwa mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni kukauka kama kanga kwenye kamba. Maji yanaondoka, kitambaa kinabaki. Shelaki na laka hukauka hivyo. Ndani ya kopo kuna utomvu au plastiki iliyoyeyushwa kwenye kimiminika chepesi. Ukipaka, kile chepesi kinaruka hewani na kuacha ngozi ngumu juu ya mbao. Dakika chache zinatosha kwa tabaka jembamba kushikika. Swali la afya hapa ni moja: kilichoruka ni nini, na nani alikuwa anakivuta?

La pili ni kukauka kama zege. Aliyewahi kujenga anajua zege haliachwi likauke kama kanga, humwagiliwa maji siku kadhaa ili likomae. Vanishi za mafuta, mafuta ya kitani na mafuta ya tung ni wa ukoo huo, ila hayahitaji maji, yanahitaji hewa. Hunywa oksijeni taratibu na kugeuka kutoka mafuta kuwa ngozi. Vanishi ya mafuta inaweza kushikika ndani ya saa sita au kesho yake, lakini kukomaa hadi ndani huchukua wiki, na makopo mengi hushauri kusubiri hadi siku 30 hivi kabla ya matumizi mazito. Mafuta mabichi ya kitani yasiyoongezwa kitu yanaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hata hayajaacha kunata.

Kwa hiyo fundi anaposema "imekauka, mama, gusa mwenyewe", anasema kweli na bado hajajibu. Kidole kinapima juu. Jino la mtoto linafika ndani.

Wataalamu wengi wa mbao hukubaliana kwamba ngozi iliyokomaa kabisa haitoi sumu ya kutisha kwa mguso wa kawaida. Hatari huwa kwenye mambo matatu: kitu ambacho hakijakomaa, kitu kinachobanduka vipandevipande na kumezwa, na rangi iliyochanganywa humo. Hayo matatu yanatosha kumkosesha mzazi usingizi bila kuongeza la nne.

Shelaki, mdudu aliyeingia kwenye peremende

Kama kuna kitu kimoja ambacho mzazi anayeagiza kitu cha mtoto angefaa kukijua kwa jina, ni shelaki.

Hutengenezwa na mdudu mdogo sana anayeishi kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand, ambaye hufyonza maji ya mti na kujifunika kwa utomvu. Watu hukwangua utomvu huo, huusafisha na kuuza ukiwa vipande vyembamba vya rangi ya asali. Waliowahi kuona lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri kwenye bahasha, wameona ndugu yake. Vipande hivyo huloweshwa kwenye spiriti mpaka viyeyuke, na hapo tayari ni kitu cha kupaka.

Tabaka jembamba hushikika ndani ya nusu saa, mara nyingi mapema zaidi, na la pili huweza kufuata baada ya saa moja. Asubuhi hadi jioni fundi ana tabaka nne. Kinachoruka ni spiriti, ambayo harufu yake ni kali lakini hutoka chumbani upesi kuliko thina. Na kinachobaki juu ya mbao ni kitu ambacho huenda mtoto amekwisha kukila bila mtu kujua: shelaki iliyosafishwa hutumika kung'arisha peremende na kufunika vidonge vya dawa. Kwenye karatasi za vyakula huandikwa E904.

Kwenye mashine ya kukereza ina faida nyingine. Fundi huipaka kipande kikiwa bado kinazunguka, akibonyeza kwa karatasi laini, na joto la msuguano hukausha na kung'arisha hapohapo. Wengi huchanganya na nta kidogo ya nyuki. Njuga ya mtoto inaweza kutoka mashineni ikiwa imekwisha kumalizika. (Karatasi, si kitambaa. Kitambaa kikinaswa na kitu kinachozunguka huvuta kidole. Hii ni kwa mzazi ambaye kijana wake ameanza kujifunza kazi.)

Mji mmoja umejijengea jina kwa njia inayokaribiana na hiyo. Channapatna, kusini mwa India kati ya Bangalore na Mysore, hutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao kwa mashine ya kukereza, na mafundi wake hawatumii brashi wala kopo. Huchanganya utomvu huo wa mdudu na rangi, huukunja uwe kijiti kigumu, kisha hukibonyeza kwenye kitu kinachozunguka. Joto linayeyusha kijiti, rangi inashika, na kitu kikisimama kimepoa na kukauka. Hakuna kiyeyushi kilichoruka kwenda kwa mtu yeyote. Sehemu ya rangi zao hutoka kwenye mimea, manjano ikiwemo.

Shelaki ina udhaifu, na afadhali mzazi ausikie kabla hajalipa. Haipendi joto: kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe. Haipendi maji ya kusimama wala sabuni kali. Na kwa kuwa huyeyushwa na spiriti, itayeyushwa pia na kitakasa mikono; mzazi aliyezoea kufuta vitu vya mtoto kwa kitakasa atashangaa pia imeanza kunata. Kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini kinatosha. Pia shelaki iliyokwisha kuloweshwa huchacha. Ikikaa chupani mwaka mzima kwenye joto la Dar es Salaam hupoteza uwezo wa kukauka vizuri, itabaki laini hata usubiri wiki. Fundi mzuri hulowesha kidogo kidogo.

Kwa upande wa faida ndogo ndogo, shelaki huziba vizuri macho ya paina yanayotoa utomvu. Vitanda vingi vya bei ya kati hutengenezwa kwa paina, na anayejua mbao za Sao Hill anajua yale macho yanavyolia jua likipiga.

Laka, thina na mvua za masika

Kinachotumika zaidi kwenye karakana za mjini si shelaki. Ni laka inayopulizwa kwa mashine, ikitanguliwa na sila, zote zikichanganywa na thina. Sababu inaeleweka. Dakika kumi na tano hadi ishirini imeshikika, inang'aa, inavumilia maji kuliko shelaki, na kitanda kilichokuwa mbao tupu saa nne asubuhi kinaweza kupakiwa jioni.

Nayo hukauka kama kanga, ila kinachoruka ni kingine. Thina huwa mchanganyiko wa viyeyushi vikali, mara nyingi toluini, asetoni na jamaa zake. Vikivutwa kwa wingi huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Kuvuta toluini nyingi wakati wa ujauzito kumehusishwa na madhara kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito hana sababu ya kusimamia kitanda kikipulizwa, hata kama ana hamu ya kuona rangi ikitoka. Amtume mtu.

Mtoto mchanga ana tatizo la ziada. Kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, naye hulala saa nyingi pua ikiwa sentimita chache kutoka kwenye ubao. Harufu inayomkera baba anayeingia chumbani kuchukua shati ndiyo hewa ya mtoto usiku kucha.

Laka ikishashikika bado ina thina iliyofungiwa ndani, hasa ikiwa tabaka ni nene au zilipulizwa kwa kufuatana bila kupumzika. Ndiyo maana kitanda "kilichokauka" juzi kinanuka wiki ya pili. Pua hapa ni kipimo kizuri kuliko kidole.

Kisha kuna hali ya hewa. Wateja wa Pwani wamewahi kuletewa samani yenye ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na wakadhani mbao ni mbovu. Mara nyingi ni haraka tu. Thina ikiruka hupoza uso wa mbao; hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua pale na kunaswa ndani ya laka. Siku ya masika, fundi anayeambiwa "nataka leo leo" ana njia mbili, kusubiri jua au kuongeza thina inayochelewa kuruka. Inayochelewa kuruka ni inayochelewa pia kutoka nyumbani kwako.

Kuna kundi la tatu linalohitaji maneno machache na uangalifu mwingi: vile vya makopo mawili, kopo la rangi na kichupa cha kugandisha. Hukauka haraka na hugeuka vigumu kama jiwe, lakini wakati wa kupulizia baadhi hutoa isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazojulikana za pumu ya kazini. Nyingine, zinazogandishwa kwa asidi, hutoa formaldihaidi hewani, na gesi hiyo imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kazi hiyo si ya uani penye watoto, wala si ya fundi aliyejifunga leso puani. Leso huzuia vumbi kidogo, mvuke haioni.

Kama laka ndiyo pekee inayopatikana, haina maana kitanda kisinunuliwe. Maana yake kiagizwe mapema. Tumbo la miezi saba ndio wakati mzuri wa kuagiza, si wiki ya kujifungua. Laka na vanishi za maji, zinazopakwa kwa brashi na kuoshwa kwa maji ya bomba, ni chaguo jingine pale zinapopatikana: hushikika kwa saa moja au mbili na harufu yake ni ndogo sana. Huinua manyoya ya mbao, hivyo fundi hulowanisha mbao kwanza, huiacha ikauke na kupiga msasa laini kabla ya kupaka. Wengi hawazipendi kwa sababu ya hatua hiyo moja. Bei yake pia si rafiki.

Kisukumio cha chapati hakihitaji kung'aa

Jikoni mambo ni mepesi zaidi, na ajabu ni kwamba ndiko makosa yanakofanyika kwa kupenda uzuri. Kisukumio na kibao cha chapati vilivyopigwa vanishi vinavutia sokoni. Kisha vinakutana na unga, mafuta, maji ya moto, sponji ya chuma. Baada ya miezi michache ngozi inaanza kupasuka, na vipande havina pengine pa kwenda ila kwenye donge. Mwiko ni hivyo hivyo, tena wenyewe unachovywa kwenye ugali unaochemka.

Kwa vitu hivi afadhali mbao iliyopigwa msasa vizuri na kunyweshwa mafuta. Lakini mafuta gani? Mafuta ya alizeti hukauka nusunusu, hubaki yakinata na kuchacha. Mafuta ya nazi hayakauki kabisa, ila huchelewa kuchacha, na mikoa ya Pwani imeyatumia tangu zamani bila kumuuliza mtu. Mafuta ya karanga na ya jamii ya karanga yaepukwe kwenye vitu vya kutoa zawadi, maana huwezi kujua mtoto gani ana mzio.

Duka la dawa huuza mafuta meupe yasiyo na harufu yanayoitwa likwidi parafini, ambayo watu hupewa kwa tumbo gumu. Hayachachi, na kwa kibao cha chapati yanafaa sana, hasa yakiyeyushwa pamoja na nta ya nyuki kidogo juu ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo haina haja ya kuwekwa juu ya moto wenyewe, na isiwekwe. Tabora na majirani zake wana nta ya kutosha. Ila jina hilo lishikwe vizuri: parafini ya duka la dawa si ile parafini ambayo wengine, hasa Kenya, humaanisha mafuta ya taa. Mtu akitumwa na neno moja tu, anaweza kurudi na sumu kwenye kidumu.

Rangi nyekundu ya kigari

Tabaka linaloonyesha mbao lina wasiwasi wake, lakini rangi ina mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi viwanda vimetumia madini ya risasi kwenye rangi za mafuta kwa sababu mbili: kupata manjano, nyekundu na chungwa kali, na kufanya rangi ikauke haraka. Hiyo ya pili wengi hawaijui. Haraka imewahi kununuliwa kwa risasi.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mwilini mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kutoka kwenye risasi ileile iliyomezwa, nayo hugusa ubongo ukiwa bado unajengwa: uwezo wa kujifunza, kutulia, kusikiliza. Haionyeshi dalili mapema. Hakuna kutapika wala homa ya kumfanya mama akimbilie zahanati. Marekani iliizuia rangi ya aina hiyo majumbani mwaka 1978, na tangu 2009 kikomo chao ni sehemu 90 kwa kila milioni. Kikomo hichohicho ndicho WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira wanachoshauri nchi zote ziweke kisheria.

Kwa mzazi, hii inarudi kwenye kopo. Fundi aombwe kulionyesha. Kopo lenye jina la kiwanda, alama ya TBS na maneno kwamba halina risasi lina heshima kuliko chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa rangi dukani. Baadhi ya makopo yameandikwa EN 71-3. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, kinachopima metali zinazoweza kutoka kwenye kitu na kuingia mwilini. Hakisemi kwamba mtoto anaweza kuonja kopo, na hakiondoi siku za kusubiri.

Kuna na rangi ya kudanganyia. Kupaka mbao nyeupe rangi ya viatu ili ionekane mpingo ni mchezo wa zamani kwenye soko la vinyago, na watalii wameandika sana juu yake. Kwa kinyago cha sebuleni ni hasara ya pesa. Kwa njuga ambayo mtoto atainyonya ni jambo jingine. Kitambaa cheupe chenye maji kidogo, kikisuguliwa sehemu ya chini, mara nyingi husema ukweli. Mpingo wa kweli hauhitaji mengi: ukipigwa msasa mpaka ule laini kabisa na kufutwa kwa nta, unang'aa wenyewe. Tena mbao za ukoo wake zina mafuta ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta kukomaa, na unaweza kungoja mwezi ikabaki inanata. Hapo shelaki hutangulizwa kama kizuizi.

Tambara na chupa

Karakana nyingi ziko uani. Baba anakereza, mtoto anacheza na maranda, mama anapika hatua kumi mbele. Kwa familia hizo, kitanda kilichomalizika si hatari kubwa kama vilivyobaki baada ya kazi.

Tambara lililofutia mafuta ya kitani linaweza kuwaka lenyewe. Si hadithi. Mafuta yanapokunywa hewa hutoa joto. Tambara likikunjwa na kutupwa pembeni au kwenye ndoo ya taka, joto halina pa kutokea, huongezeka mpaka moto utoke, pengine saa kadhaa baada ya kila mtu kwenda kulala. Litandazwe nje kwenye kamba, moja moja, mpaka likauke na kuwa gumu, au lizamishwe kwenye maji. Laka na thina zenyewe hazingoji: mvuke wake hutembea chini chini mpaka kwenye jiko la mkaa.

Na chupa. Thina, tapentaini, spiriti na mafuta ya taa huuzwa rejareja kwenye chupa za soda na maji, na mtoto wa miaka miwili anajua kitu kimoja tu kuhusu chupa ya soda. Akinywa, asitapishwe. Asipewe maziwa "kukata sumu", wala mafuta ya kula. Thina, tapentaini na mafuta ya taa vikipanda tena huingia kwenye mapafu, na humo ndimo vinapoua, hata kwa kiasi kidogo. Spiriti ya viwandani nayo huwa na methanoli, inayoweza kupofusha. Afutwe mdomo, avuliwe nguo iliyolowa, apelekwe hospitali hapohapo pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima na anacheka. Kukohoa na kupumua haraka huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Vumbi la mbao nalo liko kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, kwa wanaolivuta miaka mingi. Shati la kazi livuliwe kabla ya kumbeba mtoto. Mafundi wenyewe wanalijua hili kwa mafua yasiyoisha, ila hakuna aliyewaambia jina lake.

Kimekwisha kufika. Kifanywe nini?

Kirudi kwenye kivuli chenye upepo. Baraza linafaa, ukumbi wenye madirisha mawili yaliyotazamana unafaa, jua kali la moja kwa moja halifai kwa sababu hupasua mbao. Droo zote ziwe wazi, godoro lisiwekwe, maana sponji hunyonya harufu na kuirudisha usiku. Kila siku mbili tatu mtu mzima aingize kichwa ndani ya droo au ainame pua ikiwa kwenye ubao, asubuhi kabla ya upepo kuanza. Siku atakayokosa kunusa chochote, angoje wiki moja zaidi. Mtoto kwa sasa alale alikokuwa analala.

Kucha ikizama au kuacha alama sehemu isiyoonekana, bado hakijakomaa. Kama ukingo wa juu tayari umebanduka, fundi aukwangue kwa msasa nje ya nyumba mpaka mbao ionekane, aufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, aupake shelaki tabaka tatu nyembamba au auache mtupu kabisa. Mbao tupu iliyolainishwa haijawahi kumdhuru mtoto anayeota meno, ilimradi isiwe na vibanzi. Isipokuwa kwamba kama rangi iliyopo ni ya zamani, kitanda cha kurithi kutoka kwa shangazi kwa mfano, kisipigwe msasa nyumbani hata kidogo. Vumbi la rangi yenye risasi ni baya kuliko rangi yenyewe ikiwa imetulia.

Na safari nyingine ya Keko, kabla ya kuulizana bei, fundi aulizwe mawili: "Utapaka nini, na utachanganya na nini?" Fundi asiyependa swali hilo kwa kawaida husema "mama, usiwe na wasiwasi". Anayelipenda huenda pembeni, anarudi na kopo.